Kupatana na Mpiga Picha Mji Mkongwe: Niliyojifunza Safarini Unguja

(Maelezo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, bwaloni, Shinyanga)



Kamati iliponipigia simu nilitazamia nitapewa mada ya nidhamu kazini, kama ilivyo desturi kwa sisi watumishi wa Serikali. Badala yake niliambiwa kwamba chama chetu kinafikiria kufanya ziara ya Unguja pamoja na familia, na kwa kuwa mimi nimekwisha kwenda na mama yangu na mke wangu, nije niwaeleze jinsi ya kumpata mpiga picha wa kazi katika Mji Mkongwe. Nilicheka. Nilijiuliza, je, watu wazima wakusanyike bwaloni kuzungumza habari za picha? Lakini nilipokaa kufikiri niliona kwamba jambo lenyewe si dogo, na kwamba mimi mwenyewe nimelilipia ada. Kwa hiyo nitawaeleza jinsi nilivyokosea, jinsi nilivyosaidiwa, na yale ambayo nafikiri kila mmoja wetu ayafanye kabla hajatoa shilingi mfukoni.

Naomba nianze nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka 1984 alikwenda Unguja kikazi kwa siku chache, na akiwa Forodhani alipigwa picha na mmoja wa wapiga picha waliokuwa wakizunguka pale. Ni picha nyeusi na nyeupe, ukubwa wake kama kadi ya posta. Baba amevaa suruali pana na shati la mikono mifupi, amesimama wima kama yuko gwaride, na nyuma yake linaonekana jumba la Beit al-Ajaib na mnara wake wa saa. Aliporudi alimwambia mama, "Siku moja nitakupeleka ukasimame hapa." Baba alifariki mwaka 1999 kabla hajatimiza neno hilo. Ukiacha picha ndogo ya kitambulisho, hiyo ndiyo picha pekee ya baba tuliyo nayo.

Mimi nilisema nitalitimiza. Nikasema hivyo mwaka huu, nikasema hivyo mwaka wa pili, kwani kila likizo ilikuwa na shughuli zake: ada za watoto, kiwanja, msiba, kisima. Tarehe 25 Desemba, 2020, nikiwa nyumbani kwa sikukuu, tukasikia kwenye redio kwamba sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib imeanguka pamoja na mnara, na kwamba watu wawili wamepoteza maisha. Mama hakusema neno kwa muda. Kisha akauliza, "Ni lile la kwenye picha?" Nikamjibu kwamba ndilo. Hapo ndipo nilipoona kwamba nimechelewa.

Ndugu zangu, jumba lile lilijengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash. Hata mnara ule haukuwa wa kwanza. Mnara wa awali ulisimama peke yake mbele ya jumba, nao uliharibiwa tarehe 27 Agosti, 1896, wakati manowari za Waingereza zilipopiga mizinga kwa muda usiofikia saa moja. Baadaye ndipo mnara mwingine ukajengwa ukiwa umeungana na jumba. Mambo haya tunayajua vizuri kwa sababu walikuwapo watu wenye kamera. Tangu karne ya 19 Unguja ilikuwa na wapiga picha wa kazi, wakiwemo wenye asili ya Goa kama A. C. Gomes na J. B. Coutinho, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha studio yake ya Capital Art, ambayo baadaye iliendelezwa na mwanawe, Rohit Oza. Watu hao walipiga picha za masultani na za watu wa kawaida, za arusi na za mitaa. Leo fundi akitaka kujua roshani fulani ilikuwaje kabla haijaoza, msaada wake mmoja ni picha kama hizo. Kwa hiyo msiidharau kazi ya mpiga picha.

Sasa nije kwenye safari. Mwezi Julai, 2023, nilichukua likizo, tukapanda basi mimi, mke wangu na mama. Kutoka hapa Shinyanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa 1,000, kupitia Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro. Tulimpumzisha mama Dar es Salaam siku moja, kisha tukavuka kwa boti, mwendo wa kama saa mbili. Niliuchagua mwezi wa Julai makusudi. Masika, ambayo huanza Machi na kuendelea hadi Mei, huwa yamekwisha, upepo ni wa kusi, na jua si kali sana. Hilo nililifanya vizuri. La mpiga picha ndilo nililolifanya vibaya.

Mimi kazini siwezi kuidhinisha malipo pasipo hati ya makubaliano, wala siwezi kupokea kitu pasipo kukikagua. Vijana wa masjala wananijua kwa ukali huo. Lakini kwa fedha yangu mwenyewe niliona picha nzuri mtandaoni, nikapiga simu, nikajibiwa kwa sauti tamu, nikatuma shilingi 200,000 zote kwa mara moja, siku tatu kabla hatujaondoka nyumbani. Sikuuliza jina kamili. Sikuuliza atakuja nani. Sikuuliza nitapata picha ngapi. Miadi ilikuwa saa 11 jioni, Forodhani. Mama alivaa vizuri tangu saa 9, akakaa kitini asijikunje nguo. Tulifika saa 11 kasoro. Kijana alitokea saa 12 na robo, naye hakuwa yule niliyezungumza naye. Jua lilikuwa linazama, watu wa vyakula wamekwisha kuwasha majiko, moshi umetanda, na mama amechoka. Kijana alitupanga haraka haraka, akapiga picha kwa muda wa kama robo saa, akaaga. Baadaye tulipata picha saba tu kwenye simu, na katika tano kati ya hizo mama amefumba macho. Tangu hapo simu yangu haikupokelewa tena. Sitaji jina, kwa kuwa sikuja hapa kumshitaki mtu, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu.

Usiku ule mama aliniambia neno moja: "Mwanangu, mbona baba yako alipigwa na mtu wa kupita tu na akatokea?" Sikulala vizuri.

Asubuhi nilimweleza mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia. Akanielekeza kwa binti mmoja mwenye studio ndogo, mtaa wa nyuma. Niliposema nataka picha, jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa fedha. Aliniuliza, "Kaka, picha hizo ni za nini, na ni za nani?" Nikamwonyesha ile picha ya baba. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama sana, akaigeuza nyuma kuona kama kuna mhuri. Kisha akachukua karatasi, akaandika: saa mbili za kazi, kesho kuanzia saa 12 na nusu asubuhi, picha 30 zilizorekebishwa, zote zitolewe kwa flashi kabla hatujapanda boti, picha 5 zisafishwe kwenye karatasi, nusu ya malipo leo, nusu baada ya kukabidhiwa. Tukatia saini wote wawili, akanipa stakabadhi. Nilijisikia niko ofisini, na safari hii nilifurahi kuwa ofisini.

Kesho yake alifika kabla yetu. "Shikamoo, bi mkubwa," akamwambia mama, na mama akaitikia. Halafu akatupeleka polepole, hatua kwa hatua kwa mwendo wa mama. Alituambia kwamba saa ile vichochoro havijajaa watu, mwanga unaingia kwa ubavu, na kuta zinaurudisha usoni kwa upole, ambapo saa 6 mchana jua likiwa utosini macho huwa mashimo meusi. Mahali penye mlango wa kuchonga alipiga hodi kwanza, kwa sababu mlango ule unaosifiwa duniani ni mlango wa nyumba ya mtu. Mama alipapasa njumu za shaba akauliza utajiri wa kuchonga milango namna ile ulitoka wapi. Nikamwambia kwamba sehemu ya utajiri ule ilitokana na meno ya tembo, nayo yalifika pwani mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma. Mama akasema, "Kumbe tulikwisha kufika hapa zamani." Picha iliyopigwa wakati akisema hivyo ndiyo ambayo mke wangu anaipenda kuliko zote.

Mwishowe tulifika Forodhani. Jumba lilikuwa limezungushiwa uzio, na upande wa mbele, pale uliposimama mnara, palikuwa wazi. Binti aliitazama picha ya baba, akasogea hatua mbili kushoto, akarudi moja nyuma, akasema, "Alisimama hapa, au karibu na hapa." Akapendekeza mama aishike picha ya baba mkononi. Mama akakataa. "Nikiishika mkononi watasema nimekuja msibani. Nimekuja kutembea." Akaikunja ndani ya kitambaa chake cha hela, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Bi mkubwa, usiitazame kamera," binti akasema, "mtazame mwanao." Mama akanitazama. Ndivyo alivyotokea.

Picha hiyo sasa iko sebuleni kwa mama. Mnara haumo. Mgeni haoni kwamba baba yumo, lakini sisi tunajua yuko kwenye pindo la kanga.

Ndugu Mwenyekiti, kutokana na hayo naomba nitoe ushauri ufuatao kwa wote watakaokwenda ziarani.

Kwanza, usimchague mpiga picha kwa kuona picha kumi nzuri. Kila mtu ana picha kumi nzuri. Mwombe akuonyeshe kazi nzima ya familia moja, tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo utajua kama anaweza kuwapiga wazee, watoto na watu weusi wa ngozi kama sisi bila nyuso kupotea gizani.

Pili, hakikisha unajua nani atakuja. Uliza jina lake na mahali studio yake ilipo, na ukiwa na mwenyeji, mtume akaione. Sauti ya simu si mtu.

Tatu, andikeni makubaliano. Hata ujumbe wa simu uliojibiwa "nimekubali" ni bora kuliko maneno matupu. Yataje haya: siku, saa, mahali, muda wa kazi, idadi ya picha, siku ya kukabidhiwa, na njia ya kukabidhiwa. Taja pia nani atalipa kiingilio mahali panapotozwa. Kama mnataka picha za kutoka angani kwa ndege zisizo na rubani, ulizeni kibali kwanza, maana chombo hicho hakirushwi hivi hivi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina masharti yake.

Nne, usilipe zote mwanzoni. Toa kianzio, dai stakabadhi, na umalizie unapopokea kazi. Mpiga picha mwaminifu hatachukia, kwani kianzio kinamlinda naye pia dhidi ya wateja wasiotokea. Na sisi tuwe waungwana: tukichelewa boti tumpigie simu mapema. Nayo mvua ikinyesha, iwe imekwisha kuandikwa kama kazi itaahirishwa au la.

Tano, kubalianeni kuhusu matumizi ya picha. Msidhani kwamba kwa kuwa mmelipa basi picha haziwezi kubandikwa popote. Kama hutaki sura ya mama yako au ya binti yako itumike kutangaza biashara ya mtu, sema na uandike.

Sita, heshimuni mji wa watu. Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini kabla ya kuwa urithi wa dunia ni mahali watu wanapoishi, wanapika na kusali. Tuvae nguo za kujisitiri. Tusimpige picha mtu pasipo idhini yake, hasa akina mama na watoto. Wakati wa sala tusizibe njia ya msikiti kwa kupanga watu kumi na tano. Mwezi wa Ramadhani tusile hadharani mchana. Bandarini na mahali penye ulinzi, tuulize kwanza kabla ya kuinua kamera. Hali kadhalika kule Mkunazini, penye kanisa lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni. Niliona watu wakitabasamu pembeni yake na kuonyesha vidole viwili. Vijana, msifanye hivyo. Baadhi ya waliopita katika soko lile walitoka huku kwetu bara.

Sasa neno kwa wanafunzi. Najua mnajiuliza kwa nini mtu alipe wakati simu inapiga picha. Swali ni la haki. Simu yako ipige picha nyingi kadiri utakavyo. Lakini tazama picha za familia yako halafu utafute nani hayumo. Aghalabu ni yule anayeshika simu. Katika albamu yetu yote ya miaka kumi ya ndoa, mke wangu hayumo hata mara tano. Tena simu huibwa, huanguka kwenye maji, hubadilishwa. Picha ya baba imedumu miaka karibu arobaini kwa sababu ilikuwa karatasi na kwa sababu mama aliihifadhi. Kwa hiyo chagueni chache, mkazisafishe, na nyuma yake muandike kwa kalamu: jina, mahali, tarehe.

Na wengine kati yenu mtaifanya kazi hii. Geita, Katoro na Kahama wako vijana wanaojipatia riziki kwa kamera, kwenye arusi, kwenye mahafali, na kwa wachimbaji wadogo ambao siku wakipata dhahabu hupenda kupigwa picha na nguo mpya. Ni kazi ya heshima. Mkumbuke tu kwamba yule binti wa Unguja hakunishinda kwa kamera kubwa. Yule kijana wa jioni huenda alikuwa na kamera iliyo bora zaidi. Binti alifika kabla yetu, aliuliza picha ni za nini, na alitimiza aliloandika. Mteja kama mama yangu hana siku ya pili. Ukimharibia, umemharibia.

Nimalizie kwa maombi mawili kwa wanachama. La kwanza, kamati ipatane na mpiga picha mapema, kwa maandishi, na watu wawili wetu wakabidhiwe jukumu hilo tangu leo. Mimi niko tayari kuwa mmojawapo, maana nimekwisha kulipa ada ya mafunzo. La pili ni kubwa zaidi. Tusingoje ziara. Humu bwaloni mna watu ambao wazazi wao wako Maswa, Kishapu, Geita na Sengerema, na hawana picha yao hata moja iliyo nzuri. Mwendeeni mpiga picha wa mji wenu wiki hii, mkae na mzee nje ya nyumba yake, saa 1 asubuhi, mwanga ukiwa mpole. Mimi nilingoja hadi mnara ukaanguka. Bahati yangu ni kwamba mama alikuwa bado amesimama.

Na wenye picha za shule yetu za zamani, wazilete mkutano ujao zikiwa na majina, ili zinakiliwe na kuwekwa maktaba, vijana hawa watuone tulivyokuwa tumekonda.